Kikapu Kisicho na Mwenyewe

Siku Mama Bhanumati alipokubali kuketi meza moja na Scolastika binti Jilala, mahali alichagua yeye mwenyewe, na alichagua mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kutia kitu kinywani.

"Kwa yule Mchina wa barabara ya Mwadui," alimwambia mwanawe Jashvant. "Kule hakuna mtu wetu anayekwenda."

Ni kweli hawakuwa wakienda. Jamii yao ya Kihindi haikula nyama, wala samaki, wala yai, na hoteli ya Bwana Fung ilinukia vyote vitatu tangu ukiwa njiani. Iliitwa Bustani ya Kantoni. Ilikuwa nyumba nyeupe karibu na Maganzo, paa lake la vigae vya kijani limekunja ncha juu kama masharubu ya askari wa zamani. Bwana Fung aliletwa kuwapikia wakubwa wa mgodi wa almasi. Mkataba ukaisha, yeye hakwenda popote. Sasa walikula kwake mainjinia, wanunuzi wa mawe, na mara mojamoja mchimbaji aliyeokota kitu jana na ambaye kesho atakuwa hana kitu tena. Vitambaa vya meza vilitiwa wanga mpaka vikasimama vyenyewe. Kamba walitoka Dar es Salaam kwa treni, wamelala ndani ya barafu na unga wa mbao, na watu wa stesheni walisema kamba wa Bwana Fung husafiri vizuri kuliko bwana stesheni.

Huko ndiko Jashvant na Scolastika walikopendana, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mwaka mzima. Siku nyingine zote Scolastika alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la marehemu Pranlal, babake Jashvant, pale Shinyanga mjini, na Jashvant alikuwa mwana wa duka anayemletea vitambaa na kuchelewa kuondoka. Lakini kwa Bwana Fung walikuwa watu wawili tu na chai isiyo na sukari. Chakula chenyewe kiliitwa dimsamu: vikapu vidogo vya mianzi, kimoja juu ya kingine, moshi ukitoka, na ndani yake vifuko vya unga vyenye kamba, vilivyokunjwa marinda madogo kuliko ya gauni la mtoto. Mara ya kwanza Scolastika aliyahesabu marinda kabla ya kula, maana fundi ni fundi hata akiwa na njaa.

"Unajua maana yake nini, dimsamu?" Jashvant alimuuliza siku hiyo. "Kwa lugha yao, kugusa moyo."

Msichana gani asingeanguka hapo? Na kijana mwenyewe alikula kamba wale kama mtu aliyefunguliwa kamba miguuni, akamaliza na miguu ya kuku, ile ambayo kwao Scolastika wanapewa watoto ili wakae kimya, na hapa ilikuwa na bei kubwa kuliko kuku mzima aliye hai. Kisha, kabla ya kuwasha gari, alitafuna iliki kulainisha pumzi, ili nyumbani mama asinuse. Scolastika ndiye aliyemshonea kifuko cha kuwekea iliki hizo, cha hariri nyekundu. Wakati ule aliona ni jambo la kuchekesha.

Jumapili tunayoizungumzia, hakuna kilichokuwa kinachekesha tena. Scolastika alikuwa amebakiwa na siku sita.

Baba yake, mzee Jilala, alikuwa amesema bila kupandisha sauti, na mzee akisema hivyo ujue amemaliza. "Mwaka mzima nimewarudisha watu wa Ngassa. Huyo wako wa dukani ana uso au hana? Kama anao, aulete hapa niuone kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo Ngassa anakuja na ng'ombe, na safari hii simrudishi."

Ngassa alikuwa mnunuzi wa dhahabu kwenye machimbo ya Rwamgasa, mtu wa makamo, amezika wake wawili. Ukucha wa kidole chake cha mwisho aliufuga ukawa mrefu kama kijiko, wa kuchotea unga wa dhahabu kwenye mizani. Scolastika alikuwa amekutana nao mara moja tu, ule ukucha, ulipomgusa shavuni kwa salamu. Aliosha uso mara tatu.

Ndiyo maana Jashvant alikuwa ameapa. Usiku? Hapana, mchana kweupe, nyuma ya marobota ya khanga.

"Jumapili namwambia Ba yote," alisema. Ba ni mama, kwa lugha yao. "Naanza na kamba, namalizia na wewe. Akishamaliza kuwalilia kamba, hatakuwa na machozi ya kukulilia wewe."

"Na akilia yote mawili?"

"Basi nitashika mkono wako, nitamwacha alie."

Scolastika aliuweka mkono huo katika mawazo yake wiki nzima. Alishona gauni la samawati, kola nyeupe, akalala na hirizi ya neno hilo moja: nitashika.

Walimkuta Mama Bhanumati amekwisha keti, maana alikuja mapema kwa teksi ili asionekane akishuka kwenye gari la familia. Sari yake ilikuwa nyeupe tupu, sari ya mjane. Mikono yake mitupu pia, bila bangili hata moja. Mbele yake aliweka kikombe cha shaba chenye maji aliyotoka nayo nyumbani, na kando yake leso iliyofungwa fundo.

"Shikamoo, Mama," alisema Scolastika, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Mwangaluka."

Scolastika alishtuka kusikia salamu ya kwao. Hakujua kwamba mama huyu alizaliwa Kahama, nyuma ya ghala la mpunga la baba yake, akanyonya Kisukuma pamoja na maziwa.

"Mwa... mwangaluka, Mama."

"Kaa vizuri. Usikae kama umekuja kushtakiwa. Bado."

Jashvant alicheka peke yake. Kicheko kikafa katikati ya meza.

Bwana Fung akaja kwa adabu, kichwa kimeinama. Jana yake Jashvant alikuwa amemwendea akimsihi ajifanye hawajui, mpaka yeye mwenyewe aanze kusema. Mchina yule alikuwa na sura inayoweza kutunza siri ya nchi nzima.

"Karibuni. Ni mara yenu ya kwanza kufika?"

"Ya kwanza kabisa," Jashvant akajibu haraka.

Scolastika akatazama kucha zake. Akajiambia, bado, anatafuta mahali pa kuanzia. Hata cherehani huzungushwa kwa mkono kwanza.

"Mboga tu," alisema Jashvant. "Kabichi, uyoga. Bila mafuta ya mnyama."

"Mboga tu," akarudia Bwana Fung, akaanza kuwamiminia chai.

Sasa kuna desturi moja ya watu wa Kantoni. Ukimiminiwa chai huachi maneno uliyokuwa ukisema ili ushukuru. Unagonga meza kwa vidole viwili, taratibu, imetosha. Bwana Fung aliwafundisha wapenzi hawa mara yao ya pili kufika, na kwa mwaka mzima wakagonga hata wakasahau kwamba wanagonga. Chai ikateremka kikombeni mwa Jashvant. Vidole vyake viwili vikainuka vyenyewe. Ko, ko.

Mama Bhanumati akavitazama vidole vile kama anayetazama nyoka akipita uani.

"Unagonga nini?"

"Nini, Ba?"

"Meza."

"Ah. Nzi."

"Hoteli kubwa hivi?" Akazungusha macho ukumbi mzima, kwenye taa za karatasi, kwenye tangi la samaki, kwenye mzungu aliyekuwa akipambana na vijiti. "Mimi sijaona nzi."

 Mama akamgeukia Scolastika.

"Wewe ndiye unayetengeneza matundu ya vifungo pale barazani."

"Ndiye mimi, Mama."

"Marehemu alikuwa akisema, shati litachakaa, kola itaoza, matundu ya binti yule yatabaki. Nani alikufundisha?"

"Masista, misheni."

"Wakali?"

"Sista mmoja alikuwa na rula."

Mdomo wa mama ukataka kutabasamu, ukakatazwa. "Sasa niambie. Unataka nini kwa mwanangu?"

Scolastika alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa swali hakujiandaa. Akamtazama Jashvant, uso ule mwembamba alioujua kuliko mtaa wake, kope ndefu kama za ndama, na kope zile zilikuwa zimeinamia kikombe.

"Nataka aseme, Mama."

"Aseme nini?"

"Aliyoniambia mimi. Akuambie wewe."

"Si mengi hayo."

"Si mengi."

Mama Bhanumati akamgeukia mwanawe polepole. "Jashvant. Una neno la kuniambia?"

 Scolastika alinyoosha mkono wake chini ya kitambaa cha meza, akakikunjua kiganja juu ya goti, akaungoja ule mkono ulioapa.

"Ba," alisema Jashvant. "Tule kwanza."

Kiganja kikabaki wazi, kikipigwa na upepo wa feni.

Na hapo ndipo alipotokea Kalisti. Kalisti alikuwa mhudumu wa siku nyingi pale, mtu mzima mwenye mvi na koti jeupe, aliyekuwa amerudi asubuhi ile tu kutoka msibani kwao Geita, na ambaye hakuna aliyemwonya. Kupita jikoni akamwona mteja wake mpenzi kaandikiwa kabichi. Akasikitika. Akafanya alivyofanya kwa wema mtupu, na wema ukishika njia mbaya hakuna wa kuuzuia.

"Bwana Jash!" sauti ilitangulia vikapu. "Mwezi mzima! Tukasema huyu ameoa, ametusahau. Nimeona umeandikiwa majani, nikajua Bwana Fung kachanganya meza. Haya, kamba wako wanane, moto, na miguu yako ya kuku, ile ya pilipili. Nimekuchagulia minene."

Akavitua vikapu mbele ya Jashvant. Akafunua kifuniko. Moshi ukapanda katikati ya mama na mwana, na harufu ikakaa mezani kama mgeni wa nne. Nyuma ya kaunta, Bwana Fung alifumba macho.

"Umekosea meza," alisema Jashvant.

"Mimi? Meza hii hii, kiti hicho hicho, mwaka..."

"Nimesema umekosea meza!"

Kalisti akamtazama Scolastika. Akaona uso wake. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Mama Bhanumati hakupaza sauti. Alikisukuma kikapu kwa ncha ya kidole kimoja, bila kukigusa sawasawa, mpaka kikakaa katikati ya meza.

"Mtu ameleta chakula, amekitaja mwenyewe. Kikapu hiki ni cha nani?"

"Ba, mhudumu ni mlevi."

"Sikuuliza habari za mhudumu. Cha nani?"

Jasho lilimtoka Jashvant juu ya mdomo. Alimtazama mama yake, akakitazama kikapu, na mwisho kabisa akamtazama Scolastika, na Scolastika alilijua jibu kabla halijatoka, kama unavyoijua sindano kabla haijafika kwenye kidole.

"Chake," alisema. "Ni yeye anayependa vitu hivi. Mimi... mimi humsindikiza tu. Nimemwambia mara ngapi aache."

Aliikana hoteli, akaikana meza, sasa anamkana yeye: mara ya tatu hiyo. Katekista aliwahi kuwafundisha habari za mtu aliyekana mara tatu mpaka jogoo akawika. Hapa hakuna aliyewika. Jogoo mwenyewe alibaki miguu mitupu, ndani ya kikapu, na pilipili juu.

"Kumbe," alisema Mama Bhanumati. Akamtazama msichana. "Kama ni chako, kula. Chakula kinapoa."

Scolastika angeweza kupiga kelele. Angeweza kummwagia mtu chai. Lakini alilelewa nyumba ambayo chakula kilichowekwa mbele yako hakikataliwi, na zaidi ya hayo kulikuwa na kitu kimeganda kifuani mwake, kikubwa, kilichohitaji kusukumwa chini. Akachukua cha kwanza kwa vidole. Marinda kumi na mawili. Akala. Akachukua cha pili. Jashvant akasema, "Skola, inatosha," na yeye akachukua cha tatu. Kamba walikuwa watamu vilevile, ndilo lililomuuma zaidi. Cha nne, cha tano. Hakulia. Alitafuna akiwa amemkazia macho mwanamume aliyemchagua miongoni mwa wanaume wote wa Shinyanga, na kila alipomeza alihisi anazika kitu. Alipomaliza cha nane akafuta vidole kwa kile kitambaa chenye wanga, akakikunja mara nne.

"Wabeja, Mama," alisema. Asante.

"Jashvant," alisema mama yake. "Nenda kalipe. Kisha ulete gari mlangoni."

Akaenda. Aliondoka upesi kama mtu anayeokolewa.

Walipobaki wawili, Mama Bhanumati akanywa maji yake ya nyumbani, akakiweka kikombe chini.

"Mashati yake simpi dobi," alisema. "Nafua mwenyewe, mwaka sasa. Mwanamume akirudi kila Jumapili ya kwanza ananukia iliki kama chungu cha pilau, mama yake asijiulize anafunika harufu gani?"

Scolastika akainua kichwa. "Ulijua."

"Ya kamba nilijua. Yako nilijua. Nililia. Nikafunga Jumatatu kumi na sita, niombe aachane na wewe. Jumatatu ya kumi na saba nikaamka, nikala, nikasema basi, Bhanumati, umeshindwa." Akaifungua leso. Ndani mlikuwa na bangili sita za dhahabu, nyembamba, zimechakaa upande mmoja. "Alinivisha mama mkwe wangu. Pranlal alipokufa wakanivua. Hizi huvaliwa na mke wa mwanangu. Nimezileta leo."

Scolastika alizihesabu bangili, moja mpaka sita.

"Nilichagua hapa kwa makusudi. Nikajiambia, kama atanitazama usoni mimi mama yake aseme kikapu hiki ni changu, Ba, basi huyo ni mwanamume, anaweza kusema na huyu ni mke wangu mbele ya ukoo mzima. Neno moja tu nilitaka. Changu." Akaisogeza leso mbele ya Scolastika. "Nilikuja kushindwa, binti. Nilivaa nikaja kushindwa. Yeye akakataa kunishinda."

"Mama..."

"Bado nitakupa. Nimeshazitoa nyumbani. Sema tu unazitaka, nitakuvisha sasa hivi, na wakinisema nitasemwa. Lakini umeona unachochukua. Siku watakapokutukana mbele yake, utajua yuko wapi?"

Bangili ziling'aa juu ya leso. Nje, siku sita zilikuwa zinasubiri, na ukucha wa Ngassa mwisho wake. Scolastika akafikiri: nitamfundisha. Nitasema mimi kwa niaba yake. Nina sauti ya kututosha wawili. Mwanamke mwenye siku sita hufikiri mengi. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye leso.

Ndipo alipotazama dirishani.

Jashvant alikuwa ameegemea Peugeot, mgongo umeelekea hoteli. Alichomoa mfukoni kile kifuko cha hariri nyekundu, akatoa punje mbili, akatia mdomoni, akatafuna. Iliki. Mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameonja kitu, si kamba, si kabichi, hata chai yake ilibaki imejaa. Hakuwa na harufu yoyote ya kuficha, na bado alikuwa anaificha.

Mkono wa Scolastika ukarudi.

"Zifunge, Mama," alisema. "Utampa mwingine."

Mama Bhanumati alizifunga. Fundo lilimshinda, Scolastika ndiye aliyelifunga, kwa vidole vya fundi, fundo lisilofumuka.

Mlangoni Jashvant alimkimbilia, akinong'ona. "Imekuwaje? Amesemaje? Skola, wiki ijayo nitazungumza naye, nakuapia, leo hakuwa sawa. Amesemaje?"

Alinukia iliki.

"Amesema tule kwanza," alijibu Scolastika, akampita, akatembea juani mpaka Maganzo kusubiri basi, na lile gauni la samawati likafika nyumbani la rangi ya vumbi.

Jumamosi ng'ombe walikuja. Wazee walikaa upande mmoja wa nyumba ya Jilala, wa Ngassa upande wa pili, na kati yao meza iliyoazimwa kanisani. Ngassa alivaa koti. Ukucha wake ulikuwa umesafishwa kwa heshima ya siku. Scolastika aliletwa akakalishwa, macho chini, kama inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa anajitahidi kuyaweka chini.

Shangazi yake Mageni alipita na birika kubwa, akimimina chai kwenye vikombe vya bati. Alipofika kwa Scolastika chai ikateremka, na vidole viwili vya msichana vikainuka vyenyewe, vikagonga ubao. Ko, ko.

Shangazi akasimama na birika hewani. "We mtoto. Hodi hiyo unambishia nani?"

Watu wakacheka. Ngassa akacheka kuliko wote. Scolastika alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, akavikunja ndani ya kiganja.

"Hakuna mtu, Shangazi," alisema. "Nilikwisha gonga sana."